Fundi Hodi, Aliyeifundisha Friji Kutuma Ujumbe

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, marehemu aliketi kwenye meza yake ya kazi, akawasha kompyuta kuukuu iliyoungwa na modemu, kile kidude chenye laini ya simu ndani yake na antena fupi kama kidole gumba, kisha akaandika herufi mbili: A na T. Akakunja mikono akisubiri. Modemu ikiwa macho, hujibu kwa herufi mbili pia: O na K. "Nimebisha, nimekaribishwa," alisema, ndipo akamgeukia mkewe. "Haya, mama, chai iko wapi?"

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimjua kama Fundi Hodi, alizaliwa tarehe 3 Juni 1957, mtoto wa nne kati ya saba wa baba mwashi na mama mkunga. Dada yake mkubwa, aliye nasi hapa, anasimulia kwamba alipokuwa na miaka sita aliifungua saa ya ukutani ya baba yao ili amwone anayegonga mle ndani. Hakumwona mtu. Aliirudisha saa ukutani na ikaenda vizuri, ila skrubu moja ilibaki mkononi mwake, na mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka wapi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi 1975, kisha chuo cha ufundi, alikotunukiwa cheti cha ufundi wa simu na redio mwaka 1978. Ripoti yake ya mwisho ingalipo. Mwalimu aliandika: "Ana bidii, ila anauliza mno."

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa katika shirika la simu kama fundi wa laini. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo na kupima nyaya kwa kuwaita wahudumu wa kituo cha simu. Wenzake walisema "haloo". Yeye alisema "hodi", na jina likamganda. Mhudumu mmoja alikuwa na sauti iliyomfanya azipime nyaya nzima mara tatu tatu.

"Hodi! Unanisikia?"

"Nakusikia tangu asubuhi, kaka. Huna nguzo nyingine ya kupanda?"

"Hii ndiyo inayosikika vizuri."

"Basi shuka uje useme huku chini, tuone kama utasikika."

Alishuka. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Simu za mkononi zilipoenea, kazi ya nyaya ikapungua, na mwaka 2001 marehemu alipunguzwa kazini pamoja na wenzake. Wengi walizilaani simu hizo. Yeye alinunua kitabu kinene kilichoeleza zinavyozungumza na minara, akakisoma mwaka mzima, kamusi pembeni. Chumba cha mbele cha nyumba kikawa karakana. Humo alijifunza kuiunganisha chipu ndogo kuliko ukucha, inayofuata programu uliyoiandikia, na modemu, ili kitu kisicho na mdomo kiweze kuita mtu kupitia mnara.

Mwaka 2017 muuguzi mkuu wa zahanati alimjia na shida. Umeme ukikatika mwisho wa wiki, friji ya chanjo hupata joto na hakuna wa kujua. Marehemu alitengeneza kifaa chenye betri yake: kipimajoto ndani ya friji, chipu ya kukisoma, na modemu ya kumtumia muuguzi ujumbe joto likipita nyuzi nane. Ili betri isiishe haraka, modemu ililala mpaka itakapohitajika. Programu aliiandika binti yake wa mwisho, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, mtu wa vitabu asiyependa kusemeshwa mbele za watu. Katika programu hiyo modemu ilipewa sekunde tano za kuamka, kisha ujumbe ukatumwa bila kungoja mnara uijibu. Karakanani, mnara ukiwa mtaa wa pili, sekunde tatu zilitosha.

Zahanati iko nyuma ya kilima. Jumamosi, tarehe 19 Agosti, umeme ulikatika. Modemu iliamka, ikahitaji karibu dakika nzima kuupata mnara, nayo programu ilikwisha kutuma ujumbe hewani, ikaandika kwamba umefika, ikailaza tena. Jumatatu muuguzi alikuta friji ina nyuzi kumi na tisa. Chanjo zote zilitupwa, na akina mama waliofika na watoto mgongoni walirudishwa nyumbani.

Katika kikao cha zahanati, mjumbe mmoja alimrushia neno: "Fundi Hodi, safari hii umebisha nyumba isiyo na watu!" Watu wakacheka. Marehemu alicheka nao kidogo, kisha akasimama. "Kosa ni langu. Nipeni kifaa, nitakirekebisha."

Binti yake alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa. Alikwisha kujua kosa liko wapi, na hakufungua kinywa. Kesho yake aliandika upya sehemu ile, modemu ingoje mpaka mnara uikubali, akamwambia baba yake tu kwamba ameongeza muda. "Sawa," marehemu alisema. Tangu hapo kifaa kimemwita muuguzi mara kumi na nne, na hakuna chanjo iliyoharibika. Lakini watu waliendelea kumtania mzee kwa ile nyumba isiyo na watu, na kila aliposikia utani huo binti alitazama chini. Ameomba iandikwe hapa, mbele ya watu wa zahanati, kwamba programu ile ilikuwa yake.

Februari 2022 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alihudhuria matibabu bila kukosa, akiwauliza wauguzi kila mashine inafanya nini. Alifariki hospitalini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada yake mkubwa na wadogo zake wawili. Tunamwombea kwa Mungu mapumziko yenye utulivu.

Siku tatu kabla hajafariki, mchana, binti yake wa mwisho alikuwa akimmenyea chungwa. Aliuliza bila kuinua macho swali alilolibeba karibu miaka saba: "Baba, ile ya friji, ulijua kosa lilikuwa langu?"

"Nilijua ulichoandika," marehemu alisema. "Niliisoma programu yote kabla hatujakifunga kifaa. Zile sekunde tano niliziona, nikasema zinatosha."