Barnabas Mwai, Mwenyeji wa Wageni wa Alhamisi

Mimi ni Warigia, kitinda mimba wa nyumba hii. Barnabas, kaka yangu, ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa hivyo nikikwama hapa mbele mtanivumilia.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1962 hapa Giakanja, mwana wa pili wa marehemu Mzee Kinuthia na mama yetu, Wangui. Wa kwanza, Ngatia, alifariki akiwa mtoto mchanga wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, watu walipofungiwa kijijini. Mama alimzika peke yake, na ni yeye tu aliyejua mahali.

Barnabas alisoma hapa nyumbani, kisha chuo kikuu Nairobi, akahitimu mwaka 1986. Alifundisha sekondari huko Kiriaini, na huko ndiko alikompata Mutanu, mwalimu mwenzake kutoka Machakos. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990. Mutanu alimkataza kufundisha historia wakati wa chakula, na sisi sote tulimshukuru.

Mwaka 2009 alijiunga na idara ya historia ya chuo kikuu kimoja mjini Nyeri, akaanzisha mihadhara ya Alhamisi. Wenzake walialika maprofesa. Yeye alialika wazee wa Tetu na akina mama wa Majengo. Aliwaandikia barua yenye muhuri, akawafuata kwa gari lake, akawapa chai na viazi vitamu kabla ya neno lolote. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Wewe ni wa nani?"

Mama alikuwa akimchokoza. "Ati mama za watu unawabeba na gari, na mimi nakaa hapa na ng'ombe? Siku utaniletea barua kama wengine, nitakuonyesha mahali Ngatia amelala."

"Mama, watasema naita watu wa kwetu. Ngoja kidogo."

Alingoja miaka kumi na minne. Nilimpenda sana, lakini hapo alikosea, na nilimwambia.

Barua ilikuja Machi 2023. Tulijua Mama ameanza kusahau majina, tukadhani ni uzee tu. Alhamisi tarehe 16 alivaa kitambaa kipya cha kichwa, akaketi mbele ya wanafunzi, akanywa chai. Barnabas akamuuliza, "Mama, wewe ni wa nani?"

Mama alimtazama usoni. "Na wewe, kijana, wewe ni wa nani?"

Wanafunzi walicheka. Barnabas hakucheka. "Mimi ni wa Wangui."

"Huyo simjui," Mama akasema.

Barnabas alimrudisha nyumbani polepole. Tangu siku hiyo hakualika mgeni mwingine.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya koo. Sauti ilikwisha kabla ya mwili. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, Mutanu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Mutanu, watoto wao Musembi na Phyllis, mimi dada yake, na Mama yetu. Kaburi la Ngatia hatutalijua tena, uchungu ulioje!

Leo, Alhamisi, Mama ameshika jeneza hili akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Nimemjibu, "Ni wako, Mama."

Barnabas, mwana wa Wangui, pumzika kwa amani.