Bango Lililongoja Mikono ya Watu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza mabango ya zamani ya shirika letu la ndege, fundi tunayemwita Mzee Gundi anastaafu tarehe 30 Juni.

Mabango hayo ni ya enzi ambazo safari ndefu ya ndege ilichukua siku kadhaa, na abiria walishuka njiani kulala hotelini. Yanaonyesha ndege za pangaboi juu ya majangwa, na wanawake wenye kofia wakipunga mikono. Yalimfikia yamekunjwakunjwa na kutobolewa na wadudu. Leo mengi yananing'inia kwenye kumbi zetu kana kwamba yamechapishwa juzi.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Karatasi ikishalowanishwa, mmoja huinua ncha ya mbali, mwingine huilaza kwa brashi juu ya kitambaa chenye gundi ya unga wa ngano. Msaidizi wake alihamishiwa idara ya mizigo mwaka wa pili, na nafasi haikujazwa. Mzee Gundi akafunga kamba darini, akaitia vibanio vya nguo, akaendelea. Mhasibu alimtania kwamba kamba, mwenzake huyo mpya, haijawahi kuomba likizo. Siku moja vibanio viliachia, bango bichi likamwangukia mgongoni, naye akaenda kula bila habari. Mpishi wa kantini ndiye aliyemshtua: "Mzee, umebeba ndege."

Mkewe alipofariki, watoto wakiwa mbali, alianza kuja hata Jumamosi. Chumba chake kiko chini ya ofisi, hakina dirisha. Wengi wetu hatukuwahi kukiingia.

Bango moja lilimshinda. Ni pana kuliko mengine yote na limechanika katikati. Kuliinua kwa kamba kungemalizia kulikata. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, ikitaja kiti cha kupumzikia, alijibu, "Kiti ninacho. Nipeni watu wanne, mchana mmoja. Sitaki kuliacha vile."

Jumatano tulishuka sita. Alitupanga kuzunguka meza, akatuonya tushike tu, tusivute. Dereva akauliza kama kupumua kunaruhusiwa.

"Pumua, mwanangu, ila geukia huko."

Bango likalala bila kunjo hata moja. Mzee Gundi alifuta mikono, akatazama saa ya ukutani.

"Kumbe ni kazi ya nusu saa," akasema.



Asante, fundi wetu. Tunakutakia mapumziko mema, na nyumba yenye watu.