Vidole Viwili vya Mwalimu Mabruki

Benchi letu hapa Dagoretti Corner liko kando ya duka la Pranlal, na aliyelitengeneza ni Mwalimu Mabruki mwenyewe, bila msumari hata mmoja. Ndiyo maana leo nimekasirika. Miaka tisa anafundisha useremala kule chuo cha harambee, kibarua cha muhula kwa muhula, randa na patasi anabeba zake kutoka nyumbani. Mwaka jana msumeno wa stima wa chuo, ule usio na kinga, ukamla vidole vitatu vya mkono wa kulia mbele ya darasa. Wiki mbili tu, akarudi kazini. Asubuhi hii, kahawa haijapoa, ametoa barua mfukoni. Chuo kinasema hana cheti. Ijumaa afanye mtihani wa ufundi, aunganishe mbao kwa mkono kwa saa mbili, ama atoke.

— Enda kortini! — akaruka Athman, tunayemwita Sheria kwa vile anafagia korti. — Vidole ni ushahidi.

— Vilizikwa, — Mabruki akasema.

— Basi vifukuliwe!

Dedan, ambaye ni Redio kwa sababu hazimiki, akasonya.

— Nyinyi hamjui kitu. Hii ni kompyuta. Iko mashine huko mjini inameza majina. Ikikosa cheti, inatema mtu.

— Mashine haimjui Mabruki, — Sheria akasema.

— Ndiyo sababu imemtema!

— Wacha uongo. Mkubwa wa chuo anataka hiyo karakana afuge kuku. Wallahi nimeona vifaranga.

— Na wewe Mwalimu, nani alikufundisha? — nikauliza.

— Mzee Gurmeet, pale Hurlingham. Yeye pia hakuwa na cheti. Alikuwa na kofi.

— Usiogope, — Redio akamwambia. — Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe unavyo viwili. Utapita!

Tulicheka, Mungu atusamehe. Mabruki hakucheka. Alikuwa anajaribu kushika kikombe kwa kidole gumba na kile cha mwisho.

Ndipo akaja Mbithe, mwanafunzi wake, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akatuamkia, akamwekea mwalimu kisanduku magotini. Nikakiangalia. Pembe zote nne zimekamatana, hata unywele haupiti.

— Nani amekata hii? — Redio akauliza.

— Ni mimi, lakini ni Mwalimu. Yeye anasema, mimi nakata. Tangu aumie, darasa yote tunafanya hivyo.

Kisha akamgeukia Mabruki.

— Mwalimu, Ijumaa wataniruhusu nije nikukatie?

Redio alizimika, mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nilitamani mtu aseme kitu, hata uongo.

Mabruki akapapasa kile kisanduku polepole, pembe moja moja.

— Hii ya kushoto, — akamwambia, — rudi uipunguze kidogo.