Shangazi na Saa Iliyosimama ya Chumba cha Sita

Mgonjwa anapoletwa kwa kumeza kitu makusudi, kosa la wengi wetu ni kukodolea macho picha ya eksirei na kusahau chumba alicholazwa. Shangazi, kama sote tunavyomwita muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, huanza na chumba.

Huzunguka akiokota kalamu, pini na vibanio vya karatasi, huku akimweleza mgonjwa kwamba anaondoa vishawishi, si kwamba anamwona mwizi. Tulimtania kuwa anahamisha nyumba. Alicheka, akaendelea kuokota.

Wauguzi wapya wa wodi aliwafundisha kuwa vitu vingi vilivyomezwa hutoka vyenyewe, mradi mgonjwa aangaliwe kwa karibu. Ila betri, sumaku na vyenye ncha kali havingojwi. Swali la kwa nini amemeza lina wakati wake, na haliulizwi kwa ukali.

Kisha kuna habari ya saa. Binti mmoja alilazwa chumba cha sita kwa kumeza vifungo vya shati. Siku ya pili saa ya ukutani ikasimama. Sote tulipita chini yake tukisema betri imekwisha. Shangazi akaiteremsha, akaigeuza: betri haikuwepo kabisa. Picha ya eksirei ya binti iliionyesha imekwama kwenye njia ya chakula, na daktari akaitoa kwa mpira wenye kamera kabla haijamuunguza. Binti alipozinduka kutoka usingizi wa dawa, Shangazi hakumgombeza. Alimuuliza tu kama kuna kingine. Akajibu kwamba upo mshale wa sekunde wa saa ile, ameuficha chini ya mto. Akautoa mwenyewe.

Tangu hapo binti amekuwa akijitahidi kuleta vitu mkononi badala ya tumboni. Mwezi uliopita alikuja kwa miguu yake, akaweka pini kwenye kiganja cha Shangazi, akaomba akae naye kidogo. Ametukubalia tusimulie haya. Hofu yake ni moja: Shangazi akiondoka, pini nyingine atampa nani?

Shangazi, asante kwa macho yako na kwa subira yako. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na kengele, na nyumba yenye wajukuu wengi na shanga chache za kumezwa.

Wenzangu, leo ni siku ya kliniki ya yule binti. Ukimkuta kwenye benchi la nje, msalimie, kaa naye kidogo, umwambie jina lako.