Gari Lililoshushwa kwa Ajili ya Mama Mkwe

Kama una haraka zako, usipite kijiwe cha Margwe pale Katesh, kwenye njia ya kwenda Jorodom. Pana kiti kirefu cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegemezwa ukuta wa duka la dawa za mifugo, na sijasikia mtu aliyekikalia akaondoka kabla ya kikombe cha tatu. Margwe anauza kahawa na karanga, wateja wake ni wale wale. Yupo Tomaso mwenye duka, anayeitwa Dokta kwa kuwa anauza dawa za minyoo ya ng'ombe na hajakutana bado na ugonjwa asioujua. Yupo Renatus, yaani Injinia, aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya ngano miaka kumi na mmoja na ovaroli hajaivua mpaka leo. Na yupo Mzee Tluway, Hakimu, ambaye alistaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo ila mahakama yenyewe haikumtoka. Ana daftari, na kila linalotendeka kijiweni analiandika. Alhamisi hiyo, saa kumi na moja jioni, mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu lake, Onesphory fundi simu alikuja kuegesha gari mbele yao. Kabla hajalizima wakasikia wote: ngo! Ngo-ngo!

— Bado inagonga? Margwe aliuliza, birika mkononi.

— Bado, dada. Shikamoo Mzee Tluway.

— Marahaba. Kaa chini. Shauri linaendelea.

Onesphory alikaa ukingoni mwa kiti akashika kichwa. Wenzake walikuwa na starehe ya kubishana, yeye alikuwa na usiku mmoja tu mbele yake. Kesho Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya madaktari wa macho waliokuja Mbulu kwa siku tatu, na mama mkwe wake, Mama Imakulata wa Hirbadaw, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka jana walipokuja, Efrazia, mkewe Onesphory, alimfikisha mama yake mpaka mlangoni mwa basi. Miguu ya mama haipandi ngazi. Makondakta wawili wakataka kumnyanyua kwa makwapa kama gunia la vitunguu, mama akageuka akarudi nyumbani kwake. Mwaka mzima amekaa gizani kwa sababu ya ngazi tatu.

Mwaka huu Onesphory ana gari. Tatizo, lilikuwa refu. Mwenyewe wa kwanza alilinyanyua kwa kuweka vyuma vya duara juu ya springi, spesa, ili lisilale tumbo kwenye tope la mbuga. Ukitaka kuingia unashika mlango, unaruka. Efrazia ana mimba ya miezi saba, hawezi kumbeba mtu. Na Onesphory mwenyewe hawezi kumshika mama huyo hata kidole, kwa kuwa katika nyumba ile wanashika adabu ya zamani: mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, na ukiacha salamu maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Basi akaona njia ni moja. Mama asipoweza kupanda, gari lishuke.

Jumatatu fundi wa mjini alikwenda msibani Singida, na mpaka Alhamisi hiyo alikuwa hajarudi. Kijiwe kikasema, kwani sisi ni watu gani? Wakaleta jeki, Injinia akaleta spana zake za trekta, wakafungua miguu ya mbele, yaani shokapu na springi zake, mmoja mmoja, wakatoa vile vyuma, wakarudishia. Jioni gari lilikuwa limeshuka shubiri nzima, na watu wakapiga makofi. Jumanne asubuhi likaanza kugonga.

— Mimi nilishasema, alianza Dokta. Hiyo ni baridi yabisi.

— Ya gari?

— Ya viungo, kaka, kiungo ni kiungo. Gari imezoea kusimama wima miaka kumi, wewe umeichuchumaza siku moja. Chuchumaa wewe mpaka kesho asubuhi, halafu uinuke, tusikie kama hulii ngo.

— Tulishaipaka grisi debe zima, Dokta.

— Umepaka juu juu. Inatakiwa ichomwe. Nina bomba la sindano la ng'ombe hapo ndani, namba kubwa.

Injinia aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa wa mwenzake.

— Dokta, wewe baki na minyoo. Hii ni hewa. Hizi shokapu zimetengenezwa nchi za chini huko, karibu na bahari, hewa nzito. Sisi tuko juu. Gari ilipokuwa ndefu ilikuwa inavumilia. Sasa imeshuka, hewa ya ndani imechanganyikiwa, haijui iko wapi.

— Imeshuka shubiri moja, Injinia, alisema Onesphory. Siyo imehamia Tanga.

— Shubiri kwa binadamu ni kitu kidogo. Kwa hewa siyo.

— Sasa tufanyeje?

— Tuipeleke taratibu mpaka Magugu, kule bondeni, ilale huko siku mbili, izoee. Halafu irudi.

— Mama anatakiwa Mbulu kesho saa mbili!

— Mimi nakupa elimu. Ratiba panga mwenyewe.

Mzee Tluway alilamba kidole, akafunua daftari.

— Mahakama inauliza. Gari hii kabla ya Jumatatu iligonga?

— Haikugonga, mzee.

— Ikapunguzwa kimo bila kushirikishwa. Sasa inalalamika. Mimi nimekaa na walalamikaji miaka thelathini na moja, nawafahamu. Gari bado inajiona ndefu. Ikiona jiwe inajisemea, hili nitalipita juu, kumbe halipitiki, inagonga. Kinachougua hapo ni fahamu.

— Gari halina fahamu, mzee. Halina hata kompyuta.

— Ndiyo maana linasahau kimo chake.

Margwe alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Siku nyingine Onesphory naye angecheka. Siku tatu amelala chini ya gari na hawa watu, migongo chini, tochi mdomoni. Wamefunga raba za tairi la baiskeli kila palipogusana chuma na chuma. Wamekaza bomba la moshi kwa waya. Wamelipakua lote, mpaka zulia. Na bado kila likiingia shimo, kushoto mbele, ngo.

Alikuwa anaogopa, na hakuona aibu kuogopa. Kwenda Mbulu ni kupandisha mlima wa Dareda, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta, upande wa pili hakuna kitu. Gurudumu likichomoka pale, ndani yupo mkewe, yumo mwanawe ambaye hajazaliwa, na yupo mama wa watu. Akiacha kwenda, mama anarudi Hirbadaw na giza lake. Mtoto atazaliwa, bibi atampapasa uso kwa vidole na kuambiwa amefanana na nani. Alishafikiria kukodi gari jingine, lakini yote aliyoyaona yalikuwa marefu kama lake lilivyokuwa. Hapa Hanang nani anayeshusha gari?

— Labda, alisema Dokta kwa sauti ya chini, labda yule mwenyewe wa kwanza alifukia kitu kwenye...

— Dokta, kunywa kahawa.

Hapo ndipo mkokoteni wa punda ulipokata kona. Gidabuday, shemeji yake Onesphory, alikuwa anatembea mbele ameshika kamba, Efrazia anatembea kando, na Mama Imakulata ameketi katikati juu ya godoro lililokunjwa, shuka begani, mgongo umenyooka, macho meupe yakitazama mahali pasipo na mtu. Amekuja kulala mjini ili kesho waondoke alfajiri.

Onesphory aliruka kutoka kitini, akasogea hatua kadhaa, akainamisha uso.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba.

Kijiwe kizima kikasimama kikaamkia, hata Mzee Tluway akavua kofia.

— Imepona? Efrazia alimuuliza mumewe.

Onesphory alipiga teke kokoto, na mkewe akaelewa.

Mama Imakulata aligeuza sikio.

— Efrazia. Mwambie mwenzako aitembeze kidogo, niisikie.

Onesphory hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Aliliwasha, akaenda mpaka kwenye kalavati, akageuza, akarudi. Ngo. Ngo-ngo. Ngo. Alipozima, mama alikuwa bado ameinamisha kichwa.

— Mbona inagonga juu?

— Mama anasema inagonga juu, Efrazia alirudia, ingawa wote walisikia.

Injinia alitabasamu kwa heshima.

— Mama yangu, miguu ya gari iko chini. Sisi tumeshinda huko chini siku tatu.

— Mwambie huyo baba, mimi sijui gari. Najua mzigo wa punda. Wakiufunga watu wanne unaanguka njiani, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake amefunga. Muulize, huko juu alifunga nani mwisho?

Efrazia akawageukia.

— Mama anauliza, huko juu alifunga nani mwisho?

Dokta alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Hakimu. Hakimu akatazama daftari.

— Mimi nilifunga bolti za chini, alisema Injinia. Kulia na kushoto, kwa spana, mpaka jasho. Juu kulia nikakaza pia. Juu kushoto... zile nati tatu nikaziweka kwa vidole tu, nikamwambia Dokta azikaze.

— Mimi? Wewe uliniambia nikashike vikombe!

— Vikombe ilikuwa baadaye.

— Vikombe ilikuwa hapo hapo! Margwe, si uliita?

— Niliita, alisema Margwe. Kahawa ilikuwa imeiva. Mkaja wote mbio, na mikono michafu.

— Mzee Tluway, hebu soma, alisema Onesphory.

Hakimu alipekua kurasa, akavaa miwani, akasoma polepole kama anayetoa hukumu, ila safari hii hukumu ilikuwa inamwendea yeye mwenyewe.

— Jumatatu. Saa tisa na nusu, chuma cha kulia kimetolewa. Saa tisa na dakika hamsini, nati tatu za juu kulia zimekazwa. Saa kumi na robo, chuma cha kushoto kimetolewa, mguu umerudishwa. Saa kumi na nusu... kahawa.

— Halafu?

— Halafu saa kumi na moja, jeki imeshushwa. Makofi.

— Aliyeshusha jeki ni nani?

— Ni wewe, Onesphory.

Ni yeye kweli. Alirudi kutoka kumhudumia mteja wa simu, akakuta watu wana vikombe mikononi na nyuso za kazi iliyokwisha, akashusha jeki. Hakuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Alifungua boneti, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kushoto, pale juu shokapu inapopita kwenye bodi, nati tatu zilikuwa zimekaa zimelegea. Aligusa ya kwanza kwa kidole cha shahada. Ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Ya tatu ilikuwa imebakiza nyuzi mbili au tatu ichomoke yenyewe. Wote waliinama pale wakatazama, vichwa vinne juu ya nati tatu, na hakuna aliyetaja hewa ya bahari.

— Lete spana, alisema Onesphory.

Zililetwa spana nne kwa mkupuo. Akachukua moja, akakaza mwenyewe, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudia ya kwanza. Akahamia kulia akahakikisha. Akalala chini akapitia za chini zote. Margwe alisema kahawa ipo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe hicho hakuna aliyegeuka.

Kisha akaliendesha. Akapita kalavati. Akapita lile shimo la mbele ya mashine ya kusaga, akalirudia makusudi, akalipita tena kwa kasi. Springi zilishuka zikapanda, karanga za mtu zilizosahauliwa kwenye dashibodi zikamwagika, na hapakuwa na sauti nyingine. Akajikuta anacheka peke yake ndani ya gari, machozi yanamtoka, akapiga usukani kwa kiganja. Aliporudi kijiweni, shingo iliyokakamaa siku tatu ilikuwa imelegea.

— Imenyamaza, alisema.

— Nilijua ni kitu kidogo, alisema Injinia.

— Nyamaza na wewe, alisema Margwe.

Mama Imakulata aliomba apelekwe kwenye gari. Gidabuday alimfungua punda, akaulaza mkokoteni mama ateremke, na Efrazia akamwongoza mpaka mlangoni, akaufungua, akasogea pembeni. Onesphory aligeuka akautazama mlima, kama inavyompasa. Nyuma yake alisikia kiganja kikipapasa kiti, kikikiona kiko usawa wa nyonga, mahali ambapo binadamu anaketi tu. Akasikia kitambaa kikikwaruza. Akasikia mguu mmoja ukiingizwa, halafu wa pili, bila haraka. Hakuna aliyesema pole, hakuna aliyesema shika hapa. Mlango ukafungwa, na aliyeufunga alikuwa ndani.

— Ameingia? Onesphory aliuliza, macho bado mlimani.

— Ameingia mwenyewe, alisema Efrazia.

Kioo kilishushwa kidogo.

— Efrazia. Mwambie mwenzako kimo kinanitosha. Na wale baba zako pale waambie kesho kutwa, bandeji ikitoka, nitapita hapa tena. Nataka kuwaona kwa macho yangu hao watu waliokunywa kahawa.