Mzee Cuthbert Nandonde na Betri ya Utomvu wa Mkorosho

Mzee Cuthbert Nandonde alizaliwa Lisekese tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa pili wa mwalimu wa dini Petro Nandonde. Alisoma mpaka darasa la nane. Akili ilikuwepo, nafasi ndiyo haikuwepo.

Mwaka 1978 aliajiriwa fundi umeme kwenye kiwanda cha korosho, Newala. Mwaka 1980 alimuoa Agatha, kanisani Masasi. Bibi harusi alisimama nje nusu saa. Bwana harusi yuko ndani anatengeneza kipaza sauti.

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huria, kiwanda kikafungwa. Wenzake wakaenda kuuza mitumba. Yeye akavunja betri zilizokufa, yale mawe ya redio, akachota unga mweusi, akaukanda na utomvu wa mkorosho na maji ya chumvi, akaurudisha kwenye bati lake. Ikaendesha saa ya ukutani miezi mitatu. Majirani walimcheka, na saa wakaja kuuliza kwake.

Julai 1996 walikuja wataalamu wawili kutoka mjini kuipima. Wakaiacha betri wazi juani, juu ya boneti ya gari lao, wakaenda kula. Waliporudi mshale wa mita haukuinuka.

"Imekauka, wanangu. Utomvu ukikauka umeme haupiti. Tuinyunyizie maji, tupime tena."

"Mzee, betri gani inanyweshwa kama mbuzi?"

Wakaandika imeshindikana, wakaondoka. Kupimiwa tena, hicho tu ndicho alichotaka. Hawakurudi.

Miaka saba akausaga unga ule bila kuziba pua. Mikono ikaanza kutetemeka, uso ukakakamaa. Mtaani wakasema ni uraka, ile pombe ya mabibo. Mzee hakuwahi kuonja uraka, na waliosema wapo hapa, wamekalia viti vya msiba. Mikono iliposhindwa, Agatha ndiye aliyeshika mita na kuandika namba kwenye daftari.

Agosti 2003 alilazwa hospitali ya Mkomaindo. Daktari akasema ni unga ule. Agatha alimuuguza wiki tatu. Tarehe 12 Septemba alikimbia nyumbani kuchukua nguo, akaipima na betri, akarudi.

"Mama Julia, mshale?"

"Umelala, Baba Julia. Nilikuwa hapa na wewe, nani angeinyunyizia?"

"Basi niliwaambia kweli. Andika."

Agatha akaandika. Mzee alifariki tarehe 14, saa nane mchana. Agatha alipofika nyumbani, kabla hajavua viatu, aliinyunyizia maji ile betri, akasubiri, akapima. Mshale ukapanda mpaka volti moja na robo. Wa kumwambia alikuwa mochwari.

Ameacha mjane, Agatha. Watoto Julia, Oscar na Gift. Na wajukuu wanne. Daftari lipo kwa Agatha. Wataalamu wakilitaka, wapige hodi kwanza, wavue na kofia.

Mungu ampe mapumziko ambayo sisi hatukumpa.