Verlene Stutzman na Magurudumu Manne Chini

Baada ya miaka thelathini na minne na nusu katika Karakana ya Yutzy, hapa Goshen, Indiana, Bi. Verlene Stutzman alistaafu Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025. Alipaswa kuondoka saa saba mchana, akaondoka saa nane. Sababu ya saa hiyo moja inaelezwa hapa kwa idhini yake.

Alianza kwa kufagia, Aprili 1991. Mwaka uliofuata alikuwa chini ya magari, akifunga mabamba ya chuma nyuma ya bampa. Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kushuka karakanani: wazee wanaoikimbia theluji kwa gari-nyumba huvuta gari dogo nyuma, magurudumu yote manne yakiwa chini, ili wakifika Texas wawe na la kwendea dukani. Bamba hushika mkono wa kuvutia. Kisha kuna minyororo miwili, waya wa taa, kisanduku cha kukanyaga breki ya gari dogo, na kamba inayoifunga breki hiyo gari dogo likichomoka. Verlene alifunga vyote hivyo kwenye magari zaidi ya elfu sita.

"Chuma hakisahau," alizoea kuwaambia wake za wateja. "Anayesahau ni huyo baba."

Alikuwa na ushahidi. Mwaka 1998 Loyal Amstutz, mfuga bata wa Nappanee, alitoka uani kwetu na gari dogo likiwa gia ya kwanza badala ya nyutro, yaani bila gia. Wakati akilifunga, mkewe alimuuliza anataka sandwichi gani. Maili arobaini mbele, injini ya gari dogo, ikizungushwa na magurudumu, ilikuwa imekufa. Alirudi akimlaumu mkewe, karakana na sandwichi yenyewe. Verlene alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu," akamwambia, "sandwichi haina leseni."

Jioni ile ile aliandika kadi nyekundu ya masharti. Anayefunga hasemeshwi. Akimaliza, mwenzake anakagua upya, kisha gari-nyumba linasogezwa hatua kumi huku mwenzake akitazama magurudumu ya gari dogo yakizunguka. Ndipo mwenzake anapotia sahihi. Pasipo sahihi, Verlene hafungui geti. Tangu siku hiyo hakuna gari alilolipitisha lililorudi limeharibika, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia. Pai zake za rubabu, mmea mchachu wa huku, hakuzisifu. Wala sisi.

Ijumaa ile gari-nyumba lake lilikuwa uani, mumewe Delmar akiwa ameshaketi ndani na ramani. Verlene alikuwa akifunga gari lake la bluu, nasi tuliofundishwa naye tukamzunguka na keki na kuanza kumsemesha. Mmoja alimpa maua. Mwingine alilia begani kwake. Mwandishi wa makala haya alimsomea shairi la beti saba.

"Na kadi?" Delmar aliuliza dirishani.

"Kadi niliiandika mimi," akajibu, akapanda gari-nyumba, akashika usukani na kuling'oa.

Tulipiga makofi. Sote tulimtazama usoni. Nyuma yake magurudumu mawili ya gari la bluu hayakuzunguka hata kidogo. Yalikuwa yakichora mifereji miwili kwenye kokoto, imenyooka kama ya plau ya farasi. Aliyetazama chini alikuwa mtu mmoja tu, Amstutz yule wa sandwichi, aliyekuja kumuaga, sasa akiwa na miaka themanini na mmoja, sahani ya keki mkononi.

"Simama, mama! Simama! Handbreki!"

Verlene alishuka. Aliitazama mifereji.

"Nimeharibu rekodi," alisema.

"Hujafika getini," Amstutz akamjibu. "Haihesabiki." Akalamba krimu kidoleni. "Ila naona shairi nalo halina leseni."

Verlene alicheka hadi akashika bampa. Kisha akaleta kadi nyekundu na kumkabidhi. Amstutz alikagua kila pini, kila mnyororo, akalala chini ya gari licha ya magoti yake mabovu, akachukua saa nzima. Alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa miaka ishirini na saba. Akatia sahihi, akafungua geti mwenyewe.

Verlene, asante. Baadhi yetu tuliondoka makwetu, ng'ambo, bila kupata nafasi ya kuvuta chochote nyuma yetu. Wewe umewafundisha maelfu kuondoka na chao kikafika kizima. Mifereji yako hatujaifukia. Tunakutakia barabara kavu na maisha mema, na siku ukifunga gari, watu wasiokupenda kiasi cha kukusemesha.